Majina matatu, nafasi moja ya kusomea uchungaji: tuchuje vipi?

SWALI

Kamwene wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika usharika wa Kilutheri huku Mufindi. Tuna mitaa mitano, miwili ikiwa ndani kabisa kwenye mashamba ya chai. Ofisi ya jimbo imetutaka tupeleke jina la mtu mmoja wa kusomea uchungaji, na jina liwe limefika ndani ya wiki sita. Wamejitokeza watatu, na kila mmoja ana watu wake.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 27 mwenye kidato cha sita, aliyehamia kwetu kutoka Mbeya mjini miezi minane iliyopita. Akisimama kuhubiri kanisa zima linaamka, na kwaya ya vijana imejaa tangu aje. Wa pili ni mwinjilisti wetu wa mtaa, miaka 35, ana mke na watoto watatu, kidato cha nne alipata daraja la nne. Mtaa wake anautunza huu mwaka wa sita bila kelele, ila kusema kweli akihubiri watu wanasinzia. Wa tatu ni dada wa miaka 25, mwalimu wa Shule ya Jumapili na msaidizi wa darasa la kipaimara. Baba yake ndiye mweka hazina wetu, na yumo kwenye baraza.

Baraza limepanga usaili wa Jumapili moja baada ya ibada. Wazee wote 18 watakaa mezani, kila mtarajiwa ataeleza wito wake na kuulizwa maswali, kisha tutapiga kura ya kunyoosha mikono. Ndivyo tulivyofanya mara ya mwisho, na yule tuliyempeleka aliondoka chuoni mwaka wa pili akikimbia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa na marejesho ya haraka, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa anaijua. Fedha ya usharika ikapotea, na yeye mwenyewe haji tena kanisani.

Safari hii nilipendekeza tupime kwa utaratibu. Mzee mmoja akasimama akasema kumpima mtu aliyeitwa na Mungu ni kumpima Mungu, na wengi wakaitikia amina. Je, wito unapimika? Kama unapimika, tuanzie wapi? Tena kuna maneno ya chini chini kwamba yule kijana huonekana kwenye vilabu vya ulanzi, pombe ya mianzi. Tumtume mtu akamchunguze?

Katibu, Mufindi

JIBU

Kamwene, mzee katibu.

Tuanze na huyo mzee, maana asipojibiwa atawakwamisha kila hatua, na hoja yake si ya kipuuzi. Wito una pande mbili. Upande wa ndani ni wa mtu na Mungu wake, na hapo kamati haina cha kupima. Upande wa nje ni kanisa kumtazama mtu huyo na kusema: naam, tumeyaona haya kwake. Upande huu wa pili ndio mlioitiwa, na Maandiko yenyewe yanautaka upimwe. Paulo anamwambia Timotheo kwamba mashemasi wajaribiwe kwanza ndipo wapewe kazi (1 Timotheo 3:10), na anamwonya: "Usimwekee mtu mikono kwa haraka" (5:22). Kwenye Matendo 6 mitume hawakupokea waliojinadi. Waliagiza kanisa litafute watu saba walioshuhudiwa kuwa wema. Msomeeni mistari hiyo kwa upole kikaoni, kisha endeleeni na kazi.

Usaili mliopanga hautawafaa, na sababu yake ni rahisi. Saa moja mbele ya meza ya wazee 18 inapima kitu kimoja tu: nani anaongea vizuri akiwa ameketi mbele ya wakubwa. Kazi ya mchungaji wa vijijini huku kwetu ni kutembelea wagonjwa, kukaa misibani, kufundisha watoto wa kipaimara wasiotaka kukaa kimya, kutunza siri za watu na kuheshimu fedha ambazo si zake. Kijana wenu atashinda usaili huo kabla hajafungua mdomo, mwinjilisti ataanguka, na hamtakuwa mmejifunza lolote ambalo hamkulijua tangu Jumapili iliyopita. Kura ya mikono ni mbaya zaidi, kwa kuwa kila mzee anatazama mkono wa mwenzake kabla ya kuinua wake.

Wiki sita zinatosha mkizigawa vizuri.

Wiki ya kwanza ni ya karatasi, na msiidharau. Ombeni jimboni masharti kwa maandishi: umri wa mwisho, kiwango cha elimu kwa kila kozi, miaka ya kuwa msharika, na kama dayosisi yenu inabariki wanawake kuwa wachungaji. Kama inabariki, mjadala huo umekwisha, msiufufue mezani kwa sababu tu dada ni mtoto wa fulani. Hakuna kinachouma kama usharika kugombana mwezi mzima juu ya mtu ambaye angerudishwa mlangoni kwa sharti lililokuwa limeandikwa wazi.

Daraja la nne la mwinjilisti lisiwatishe kabla hamjaona masomo yenyewe. Kozi nyingi za cheti na diploma zilizo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, zinataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D, na masomo ya dini hayahesabiwi. Hapo ndipo wengi huanguka: mtu anahesabu D zake nne kwa furaha, kumbe moja ni ya Maarifa ya Biblia, na zimebaki tatu. Chukueni cheti halisi, si nakala, mlinganishe namba ya mtahiniwa na ukurasa wa shule yake kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Ukurasa ule hauonyeshi majina. Unaonyesha namba, jinsi, pointi, daraja na alama za kila somo, kwa hiyo namba ndiyo inayoamua. Vyuo vya kanisa vina kozi nyingine zenye masharti yake, na hayo waulizeni chuo chenyewe badala ya kumuuliza mtu aliyesoma pale zamani.

Kijana alete barua ya uhamisho kutoka usharika wake wa Mbeya. Kama hakuja nayo, hilo peke yake si kosa, watu wengi huhama bila barua. Lakini mchungaji wa kule apigiwe simu, na kijana ajue kwamba atapigiwa. Miezi minane ni muda mfupi kumjua mtu. Tena ni miezi ambayo kila mgeni huonyesha uso wake mzuri.

Halafu undeni kamati ndogo. Watu watano wanatosha, saba wakizidi sana. Wawemo wanawake wawili angalau, mtu mmoja anayefundisha shuleni au aliyezoea kusimamia wafanyakazi, kijana mmoja, na mtu mmoja kutoka usharika wa jirani asiye na ndugu wala deni kwenu. Mweka hazina asiwemo kabisa. Haitoshi atoke nje binti yake anapojadiliwa, kwa kuwa watarajiwa wanalinganishwa: alama anayompunguzia mwinjilisti ni alama anayomwongezea mwanawe, hata kama hakukusudia. Ajitoe kwenye hatua zote, na muhtasari uandike kwamba amejitoa na kwa nini. Mwambieni wazi kwamba hatua hiyo inamlinda binti yake pia, maana akichaguliwa huku baba yumo, maneno hayataisha mpaka siku ya kubarikiwa kwake.

Sasa tufike kwenye kazi za majaribio, ambazo ndizo kiini cha mambo. Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tano wapeni wote watatu kazi zilezile, kwenye mtaa ambao si wao. Mwinjilisti akipimwa nyumbani kwake atabebwa na watu wanaomjua.

Kila mmoja aongoze jumuiya moja kwa wiki nne mfululizo. Wiki ya kwanza watu huja kumwona mgeni. Ya tatu na ya nne ndizo zinazosema kweli. Mjumbe mmoja wa kamati aende mara mbili, akae nyuma, aandike alichokiona: alianza saa ngapi, nani aliongea, yule mama asiyeongea kamwe aliongea au la, ugomvi ulipozuka alifanya nini. Aandike matendo. "Ana upako" haimsaidii mtu yeyote kwenye kamati.

Kila mmoja atembelee kaya tatu: moja yenye mgonjwa, moja iliyofiwa, na moja ya msharika aliyeacha kuja kanisani. Baada ya kila ziara aandike nusu ukurasa. Someni karatasi hizo mkitafuta vitu viwili. Cha kwanza, alisikiliza au alihubiri? Karatasi iliyojaa "nikamwambia, nikamweleza, nikamsihi" imejibu. Cha pili, ameacha nini bila kuandika? Mtu aliyeambiwa kwamba mume wa mgonjwa ana nyumba ndogo kule Makambako, akaja akaliandika kwenye ripoti itakayosomwa na watu watano, hajawa tayari kushika siri za usharika. Waambieni mapema kwamba ripoti itasomwa na kamati, ili jaribio liwe la haki, halafu mwangalie.

Afundishe kipindi kimoja cha kipaimara cha dakika 40, juu ya mada mtakayompa ninyi. Mwisho wa kipindi mjumbe awaulize watoto wanne, mmoja mmoja, wamejifunza nini. Majibu manne yakifanana, mwalimu amefundisha.

Na ahubiri mara mbili. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mnavyodhani, hasa kwa mwinjilisti wenu. Mpeni andiko, msimwachie achague lile analolijua kwa moyo, na dakika 20. Baada ya ibada watu wawili wakae naye robo saa, wamwambie mambo mawili tu ya kurekebisha, kwa uhakika: "Ulikuwa na hoja tano, tumekumbuka moja. Na ulisoma karatasi bila kuinua macho." Baada ya wiki tatu ahubiri tena andiko jingine. Alama kubwa iende kwenye tofauti kati ya hubiri la kwanza na la pili. Anayesinziza watu leo, akashika hoja moja na kuinua macho wiki tatu baadaye, ameonyesha kwamba anafundishika, na chuo kinaweza kumtengeneza. Mhubiri motomoto aliyeambiwa apunguze kelele akarudi na kelele zilezile, au akawasimulia wenzake kwamba wazee wanamwonea wivu, naye amejionyesha. Kuhubiri hufundishwa. Miaka sita ya kutunza mtaa bila kusukumwa haifundishwi darasani, na kwa maelezo ya barua yako pekee tungemtazama mwinjilisti kwa macho mawili kabla ya kumtoa.

Fedha nayo ipimwe, ila bila mtego. Kuna kamati huacha noti mezani makusudi ili kuona kama mtu ataichukua. Msifanye hivyo, ni kumjaribu ndugu yenu, na aliyepita mtego wa shilingi 10,000 hajathibitisha lolote. Mpeni kazi halali mbele za watu: asimamie mnada wa sadaka za mazao Jumapili moja, akiwa na mzee mmoja. Debe la mahindi linapanda mpaka 14,000, aliyeshinda anasema "nitaleta Jumatano", na kuku amechukuliwa na mtu ambaye jina lake halikusikika vizuri. Angalieni daftari. Je, kila bidhaa ina mstari wake, jina la mnunuzi, bei, na alama ya aliyelipa na asiyelipa? Fedha ilihesabiwa na watu wangapi? Risiti imekatwa palepale? Jumapili inayofuata, wale wa Jumatano aliwafuata kwa lugha gani? Mengi ya madeni ya minada hayafi kwa wizi. Hufa kwa aibu ya kudai, na mchungaji asiyeweza kudai kwa heshima atalea usharika wenye matundu.

Wadhamini wawe watatu: mmoja wa kanisani, mmoja aliyefanya naye kazi au biashara, na mmoja wa nje ya kanisa kabisa, kwa sababu 1 Timotheo 3:7 inataka ashuhudiwe mema na walio nje. Mwenyekiti wa kitongoji anafaa, au mwenye duka anayemkopesha sukari. Barua ya mdhamini peke yake haina thamani kubwa huku kwetu, hakuna anayetaka kuonekana amemharibia mwenzake riziki kwa maandishi. Nendeni mkamwone, au mpigieni simu, na msiulize "ni mtu mwema?" Ulizeni: "Ungemwachia ufunguo wa duka wiki moja?" "Ukimpa kazi ileile tena, ungependa abadilishe nini?" Kisha nyamazeni. Ule ukimya wa sekunde chache kabla ya jibu mara nyingi una habari zaidi ya jibu, ingawa nao haufai kuandikwa kama ushahidi. Unawaambia tu mahali pa kuuliza zaidi.

Na hapo tunaingia kwenye ulanzi. Msimtume mtu. Mkituma mpelelezi kilabuni mtapata hadithi ya mpelelezi, na kijana akijua atakuwa na haki ya kukasirika. Kanuni iwe moja kwa tetesi zote: kamati inapokea tu kile ambacho msemaji amekiona au kukisikia mwenyewe, anayekubali jina lake liandikwe, na mtarajiwa anaelezwa na kupewa nafasi ya kujibu kabla ya kupewa alama. Maneno yasiyo na mwenyewe yaishie hapo. Kisha waulizeni watarajiwa wote watatu swali lilelile juu ya pombe, mkilinganisha na kanuni ya kanisa lenu. Pita masika kwenye kijiji chochote cha Mufindi, nusu ya wanaume utawakuta karibu na kilabu cha ulanzi, wengine wamefuata mazungumzo na wengine wamefuata mtu wanayemdai. Kuonekana pale si sawa na kulewa, na mtu mwenye tatizo la pombe huwa na ushahidi mwingine: kazi zilizolala, ahadi za asubuhi zisizotimia, mke aliyechoka.

Mikopo iulizwe hivyo hivyo, kwa wote, kwa fomu ileile: unadaiwa na nani, kiasi gani, marejesho ni ya siku, wiki au mwezi, nani nyumbani anajua. Kudaiwa hakumwondoi mtu. Kinachoangusha wanafunzi ni marejesho ya kila siku yanayoendelea kudaiwa wakati mtu yuko darasani hana kipato, na mkopeshaji ana namba za simu za ndugu zake wote. Anayetaja deni lake mwenyewe, akaleta na mpango wa kulimaliza kabla ya muhula kuanza, amefanya vizuri kuliko anayesema hana deni kisha ligundulike. Yule mliyempeleka mara ya mwisho huenda angesaidika kama angeulizwa.

Kuhusu watoto, hakuna nafasi ya mjadala. Mchungaji, mwinjilisti na mwalimu wa Shule ya Jumapili wote wanakaa na watoto wa watu. Ulizeni usharika wa zamani na wadhamini moja kwa moja kama kuna malalamiko yoyote yaliyowahi kutolewa. Likitokea jambo linalohusu kumdhuru mtoto, kamati haina mamlaka ya kulisuluhisha kwa sala na kupeana mikono. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu ya bure 116. Mchujo wa mtu huyo unasimama hapohapo.

Afya tunaipita haraka: fomu ya chuo ijazwe na daktari, ikae kwenye bahasha iliyofungwa, iende chuoni. Msidai majibu ya kipimo cha VVU. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na jambo hilo halina uhusiano na kufaa kwake kwa uchungaji.

Usaili uje wiki ya sita, mkiwa tayari mna karatasi za kazi na maneno ya wadhamini. Dakika 45 kwa kila mmoja, maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na zamu ipangwe kwa kura. Swali la wito lisiwe "una uhakika umeitwa?" Wote watasema ndiyo. Ulizeni: nani alikuwa wa kwanza kukuona na kukwambia? Umeacha nini mpaka sasa kwa ajili ya jambo hili? Na tukisema siyo safari hii, Jumapili ijayo utakuwa wapi ukifanya nini? Swali hilo la mwisho lina kazi kubwa. Kuitamani kazi si dhambi, Paulo mwenyewe anasema anayeitaka atamani kazi njema. Lakini mtu ambaye huduma yake yote inategemea kuchaguliwa huonekana hapo.

Maswali mengine yaulize yaliyokwisha kutokea, si yale ya "ungefanya nini kama." Kwa "ungefanya nini" kila mtu ni mtakatifu. Mfano: "Tueleze mara ya mwisho ulipotofautiana na kiongozi wako kanisani. Ilikuwaje, ulifanya nini, ikaishaje?" Kabla ya siku hiyo kamati iandike jibu la alama 1, 3 na 5 linafananaje. Alama 1: hajawahi kutofautiana na mtu, au kosa lote ni la kiongozi. Alama 3: anataja tukio halisi, alinyamaza au alitii, hajui kwa nini mambo yalifika pale. Alama 5: anataja tukio, alimwendea kiongozi faraghani, anaeleza hoja ya upande wa pili kwa haki, na anataja sehemu yake mwenyewe. Fanyeni hivyo kwa maswali sita, basi.

Dada asiulizwe ataolewa lini kama wanaume hawakuulizwa walioa vipi. Mke wa mwinjilisti azungumze na mmoja wa wanawake wa kamati, pembeni, kuhusu shamba, shule za watoto na kuhama. Asiulizwe siri za mumewe. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kama familia inaweza kuishi miaka hiyo bila mikono ya baba msimu wa mahindi, na hakuna anayemuuliza.

Kila mjumbe aandike alama zake na kuzikabidhi kabla ya neno lolote kusemwa kati yenu. Siyo baada ya chai. Kisha mjadala uanze kwa mdogo wa umri, mchungaji awe wa mwisho, kwa sababu mkubwa akishasema wadogo watabadilisha waliyoyaona kwa macho yao kwa heshima tu. Penye tofauti ya alama mbili au zaidi kwenye swali moja, simameni hapo: mmoja ameona kitu ambacho mwingine hakukiona. Kati ya alama 100 wekeni 50 kwenye kazi za majaribio, 30 kwenye usaili, 20 kwa wadhamini. Mambo mawili hayafidiwi na alama yoyote: udanganyifu wa fedha au vyeti, na madhara kwa watoto.

Na kama mwishoni hakuna aliyefikia kiwango, msipeleke jina. Kamati nyingi huogopa kupoteza nafasi, zikapeleka aliyebaki. Jimbo nalo litamwona, dayosisi itamwona, lakini nao wanategemea barua yenu, kwa kuwa ninyi ndio mnaoishi naye.

Matokeo kila mtu aambiwe ana kwa ana, siku moja, kabla hayajatangazwa. Waliokosa waambiwe sababu na hatua: "bado", ikiwa na kazi na tarehe ya kutazamwa upya, au "hapana", iliyosemwa waziwazi. "Tutakuita" ni ukatili. Majina ya waliokosa yasisomwe kanisani. Karatasi zote zikae kwenye sanduku lenye kufuli, zisipigwe picha kwenda kwenye kundi la WhatsApp la wazee. Hizo ni taarifa binafsi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata ninyi.

Bahasha ya jimboni iwe na barua ya baraza, nakala za vyeti zilizothibitishwa, barua ya uhamisho kama ipo, ukurasa mmoja wa alama na sababu, na makubaliano ya ada. Hayo ya mwisho yaandikwe kwa tarakimu: usharika unalipa kiasi gani kwa mwaka na kwa tarehe zipi, familia inalipa nini, nani anabeba nauli na vitabu, mwanafunzi akirudia mwaka inakuwaje, akiacha mwenyewe anarudisha nini, na akimaliza anatumika miaka mingapi. Yasainiwe na baraza, mtarajiwa na mwakilishi wa familia kabla bahasha haijafungwa. Mkisubiri mpaka jibu la kukubaliwa lirudi, sherehe itakuwa imeanza, na hakuna atakayethubutu kuuliza ada ya mwaka wa pili inatoka wapi.